Mshenga na Figo Zake

Siku nilipokwenda kuposa Muleba sikusema neno hata moja. Nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, nimefunga vifungo vyote vya koti, na habari zangu zote zikasemwa na mtu aliyeketi mbele yangu, tumbo lake likiwa limemtangulia mezani. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake nitaliacha, maana hata sisi tuliomjua miaka mingi hatukulitumia. Kuanzia Rwamishenye mpaka ndani kabisa huko Muleba aliitwa Mshenga, kana kwamba washenga wengine wote walikuwa wanamshikia nafasi tu.

Siku ile mambo yalitaka kuharibika. Shangazi wa binti alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu, akauliza, "Huyu kijana mwembamba hivi, nyumbani kwao wanakula kweli?" Mshenga alisukuma kiti nyuma, akainuka, akageuka ubavu upande wa dirisha ili mwanga umpate vizuri, akaweka kiganja juu ya tumbo.

"Waitu, ndugu zangu," alisema, "mimi nimefanya kazi ya huyu kijana kwa miezi minne. Niangalieni, halafu mniambie kama kwao hawali."

Watu walicheka, shangazi naye akacheka, na mke nikampata. Ukweli ni kwamba katika miezi hiyo minne nilikuwa nimempa chai na maandazi mara mbili.

Baada ya harusi nilijikuta dereva wake. Nilikuwa na pikapu ndogo, na yeye alikuwa na safari nyingi, kwa hiyo kila alipokuwa na kazi ya kuposa mbali alinipigia simu, naye hakuwa mtu wa kuomba. Alisema tu, "Mwanangu, Jumamosi tunaoa," nami nikajua. Kabla ya pikapu yangu alikuwa akipanda bodaboda, na vijana wa kijiwe cha Ijuganyondo, kule anakoishi, wananisimulia hadi leo kwamba ukimpakia Mshenga ilikubidi usogee mbele ukalie tangi la mafuta. Kwenye gari tatizo lilikuwa mkanda. Kila safari tulijadili kama mkanda upite juu ya tumbo au chini yake. Mimi nilisema chini, ndiyo sheria. Yeye alisema chini ni kulidharau.

Alilipenda. Sijapata kuona mtu anayependa tumbo lake namna ile. Alisema si mali yake peke yake. "Hili ni la jamii nzima," alikuwa akiniambia tukiwa njiani, na kwa kidole cha shahada alinionyesha sehemu zake. "Hapa pa juu ni ebitoke, zile ndizi za wakwe zako. Hapa kushoto ni sangara wa Kemondo. Huku pembeni ni kuku wa yule mchungaji aliyekataa kabisa kumtoa binti yake mpaka nilipomaliza paja la pili." Kila familia aliyoioza ilikuwa na kiwanja chake pale, na kama tukipita mbele ya nyumba ya wanandoa waliokuwa wakigombana, alipapasa sehemu yao na kuguna.

Si kwamba alikuwa mlafi. Hili nalisema kwa haki. Nyumbani kwake alikula kidogo, na mkewe, bibi mwembamba, mpole, ambaye sote tulimwita Mama, alilalamika kwamba anapika kwa ajili ya kuku. Lakini kwetu Buhaya mgeni anayekataa chakula amekataa nyumba, na mshenga akikataa nyumba, kijana wake atazeeka bila mke. Kwa hiyo alikula. Asubuhi alikula kwa watu wa upande huu, mchana kwa watu wa upande ule, jioni akarudi kueleza alichoambiwa na akala tena ili waamini. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikimiminwa alikunywa. Kahawa ya kutafuna ikiletwa kwenye kikapu alichukua, na kwa kuwa kahawa haishibishi, ilifuatiwa na kitu kinachoshibisha. Yeye ni Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, lakini niligundua mapema kwamba Ijumaa za Kwaresima alizipangia kazi za kwa Walutheri.

Alikuwa na maneno yake mwenyewe kuhusu kazi hiyo. "Anayetafuna hatukanwi," alisema, maana hakuna mwenye nyumba atakayemkemea mgeni mwenye tonge mdomoni. Na jingine: "Ukitaka mama wa binti akukubali, omba nyongeza kabla hujamaliza." Mimi niliyatumia maneno hayo kwa mama mkwe wangu na sijawahi kujuta.

Ajabu yake kubwa ni kwamba mtu huyu, aliyeweza kusimama mbele ya wazee kumi wenye hasira akasema kwa niaba ya kijana asiye na kazi, hakuweza kujisemea mwenyewe hata kidogo. Dukani akipewa bidhaa asiyoiomba, aliondoka nayo. Fundi alimshonea suruali yenye mguu mmoja mrefu, akaivaa miaka miwili, akiukunja ule mguu mrefu kwa ndani. Nilimuuliza kwa nini haendi kulalamika, akanijibu kwa mshangao, "Nani aende? Mimi? Nikaseme nini?" Ilibidi awepo mtu mwingine mwenye shida ndipo ulimi wake ufunguke.

Na hivyo ndivyo alivyokwenda hospitali.

Mke wangu ni muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya mjini, na kila Jumatatu wana kliniki ya presha na sukari. Jumatatu moja Mshenga aliingia pale amevaa koti lake la kuposea, akaketi mbele ya mke wangu, akakohoa, akaanza.

"Binti yangu, nimekuja kwa niaba ya mzee mmoja."

Mke wangu, ambaye humwita Tata, yaani baba, alimtazama. "Karibu, Tata. Huyo mzee ana nini?"

"Ni mtu mzuri. Ana familia. Ila siku hizi akikojoa, mkojo wake unafanya povu. Povu halipotei, linakaa kama la rubisi iliyochacha vizuri. Na jioni soksi zinamwachia alama miguuni."

"Ana tumbo?"

Mshenga alifikiri. "Analo la kiasi."

"Na yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa nje."

"Basi mwambie aingie, apime."

Mshenga alitoka. Mke wangu anasema alimwona dirishani akizunguka pipa la maji mara moja, akavua koti, akarudi ndani, akakaa kwenye kiti kile kile. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mzee wa kwanza.

Kwanza alitaka mizani. Zamani alipima kahawa kwenye chama cha ushirika, na mizani ndicho kitu pekee duniani alichokiamini kuliko Askofu. Alipanda, akasoma mwenyewe, akashuka ameridhika. Miguu yake ni kama ya korongo na mikono yake myembamba, kwa hiyo uzito wake haukutisha.

"Umeona?" alisema. "Mimi si mnene. Mimi nina tumbo tu. Ni vitu viwili tofauti."

"Ni kweli ni viwili," mke wangu alimjibu, akichukua tepu ya kupimia kiuno. "Na hicho cha pili ndicho kinachonitisha. Simama."

Alisimama na kulivuta tumbo ndani. Mke wangu ananiambia lilitoweka kabisa, na hajui lilikwenda wapi. Mzee alibaki amebana pumzi, macho yamemtoka, mabega yamefika masikioni. Mke wangu hakubishana naye. Alishika tepu, akauliza kwa upole, "Eti Tata, wale watu wa Muleba unaoposa kwao sasa, wamekubali kumtoa binti yao?"

Basi. Mshenga ataweza kuzuia pumzi, lakini kuzuia habari hawezi. Alifungua mdomo kueleza, tumbo likarudi lote mahali pake, na tepu ikasoma.

Presha ilikuwa juu. Mkojo ulipopimwa ulikuwa na protini, na damu ilipochukuliwa na majibu kurudi wiki iliyofuata, daktari alisema figo zimeanza kuchoka. Siku hiyo ya majibu nilikuwepo, maana Mama aliniomba niende ili mtu asikilize. Alijua mumewe angesikiliza kwa niaba ya mwingine.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mtu wa kutulia. Alimwambia ajifinye tumbo kwa vidole. Akajifinya.

"Hayo unayoyashika ni mafuta ya chini ya ngozi," daktari alisema. "Hayo hayanisumbui sana. Yako mengine ndani, huwezi kuyashika. Yamejaa katikati ya utumbo, yamezunguka ini, yamezifunika figo na kuzibana. Figo ikibanwa, mwili unapandisha presha ili damu ipite. Presha ikikaa juu, vichujio vya figo vinachakaa. Halafu mafuta yenyewe hayakai kimya, yanatoa vitu ndani ya damu vinavyoiharibu figo polepole na kuvuruga sukari."

Mshenga akasema, "Lakini sisikii maumivu."

"Figo haina kelele, mzee. Ikianza kupiga kelele, mara nyingi tumechelewa. Chujio la chai likitoboka unaona majani kwenye kikombe. Wewe umeona povu. Hilo povu ni protini inayopita mahali isipotakiwa kupita."

Aliuliza pia anatumia dawa gani. Mshenga akataja vidonge vya magoti, alivyokuwa akinunua dukani na kumeza kila jioni kwa miaka, kwa sababu magoti ndiyo yaliyobeba ile mali ya jamii. Daktari aliweka kalamu chini. Alimwambia vidonge hivyo navyo vinaziumiza figo, aviache siku hiyo hiyo.

"Zitapona?" Mshenga aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Iliyoharibika hatuwezi kuirudisha yote. Iliyobaki tunaweza kuilinda, ukitusaidia. Usipotusaidia, kuna siku utahitaji mashine ya kusafisha damu."

Kwenye gari hakuzungumzia mkanda. Aliupitisha chini mwenyewe. Tulipokaribia Ijuganyondo aliniambia, akitazama migomba nje, "Unajua ninachokiogopa? Kufa kila mtu atakufa. Naogopa kuwa mshenga asiyekula. Huyo ni mtu gani? Ni tarishi."

Na kwa sababu hiyo, kwa miezi kadhaa alifanya kila kitu isipokuwa kupunguza kula. Dawa za presha alimeza. Vidonge vya magoti aliviacha, nikamwona akipanda ngazi za kanisa kiubavu kama kaa. Mama alificha chumvi, naye akaacha kuitafuta. Lakini kazi za kuposa ziliendelea, na kwenye meza za watu aliendelea kuwa yule yule. Nikimkumbusha aliniambia, "Hapa siko mimi, mwanangu. Hapa yuko baba wa kijana." Alikuwa akila kwa niaba ya mtu.

Kilichombadilisha ni viatu. Kulikuwa na harusi Muleba, ya binti aliyemhangaikia mwaka mzima, na asubuhi ya siku ile miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu havikuingia. Mama alijaribu kwa kijiko, mimi nikajaribu kwa nguvu. Havikuingia. Alikwenda kanisani amevaa suti nyeusi, tai nyekundu, na kandambili za bluu. Watu walidhani ni unyenyekevu, padri akamsifu kabisa. Yeye alikaa siku nzima ameficha miguu chini ya kiti, na chakula kilipoletwa hakukigusa. Nilimwona akikitazama tu. Siku ile nilijua ameogopa.

Alipoanza kujirekebisha alifanya jambo hilo kama alivyoendesha posa, yaani kwa majadiliano. Mke wangu alisema apunguze sahani nusu, yeye akaomba robo, wakakutana katikati. Mke wangu alisema aache rubisi, akaomba aruhusiwe kuonja kwa heshima ya mwenye nyumba, mke wangu akamuuliza heshima hiyo ni ya glasi ngapi, wakakubaliana kugusisha midomo tu. Kutembea hakukubishaniwa. Kila asubuhi alitoka Ijuganyondo akatembea hadi sokoni na kurudi, na njiani aliwasimamisha watu kuuliza watoto wao wamefikia wapi kuoa, hivyo mwendo wa saa moja ulimchukua tatu. Mama alisema hata kusimama ni bora kuliko kulala.

Tumbo halikuondoka kwa haraka. Lilipungua kidogo kidogo, na suruali yenye mguu mrefu ikaanza kumshuka kiunoni. Kila mwezi alikwenda Jumatatu kupimwa, naye hakuvuta tena pumzi. Presha ilishuka. Povu lilipungua ingawa halikuisha, na daktari alimwambia kwa uwazi kwamba figo zake zitabaki za kulindwa maisha yake yote. Alilipokea hilo vizuri. Aliniambia, "Nimeambiwa nina figo za kuazima, nizitunze." Hakuna aliyemwambia hivyo, lakini ndivyo alivyosikia, na ikamfaa.

Mara ya mwisho kufanya naye kazi ilikuwa mwaka huu, mdogo wangu alipotaka kuoa Kemondo. Baba wa binti ni mfanyabiashara wa samaki, mtu mzito, mwenye sauti nzito na tumbo ambalo, nikikumbuka la Mshenga wa zamani, lingeweza kulisalimia kama pacha. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka chakula kilipofika. Kwa kawaida siku hizi Mshenga hujipakulia mwenyewe, kidogo, halafu huongea sana ili mtu asitazame sahani. Siku ile hatukupewa nafasi. Akina mama walipakua wao, na mbele yake likawekwa sinia la ebitoke na maharage, sangara wa kukaanga juu, na mchuzi pembeni.

Alikula mboga. Alikula kipande cha samaki, na ndizi mbili. Akaweka kijiko.

Baba wa binti alikiona kile kijiko. "Mshenga," alisema, "chakula chetu hakikufai?"

Mimi nilianza kutafuta uongo wa kumsaidia, nikafikiria mfungo, nikafikiria jino. Mshenga alipangusa midomo. Nilimwona akitafuta kwa macho mtu wa kumsemea, akapita kwangu, akampita mjomba wetu, halafu akakata tamaa na sisi sote.

"Chakula chenu ni kizuri," alisema. "Anayeumwa ni mimi. Nina ugonjwa wa figo. Nilikuwa na tumbo kama lako, mzee mwenzangu, nikalisifu mbele za watu, kumbe kwa ndani lilikuwa linazikaba figo zangu. Sikusikia kitu. Nilikuja kuona povu chooni na miguu imevimba, ndipo mke wa huyu dereva wangu, muuguzi, akanipima. Nikila sinia hili lote leo kwa ajili ya kukufurahisha, kesho nitakuwa nimekuudhi zaidi, maana utanizika na posa itakuwa haijaisha."

Hakuna aliyecheka. Baba wa binti alisema, "Haya si mambo ya kuongea mezani," akaendelea kula, ila polepole. Mdogo wangu, ambaye alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, aliniangalia kama mtu aliyekwisha kunyimwa mke.

Baada ya kula tulitoka kunawa. Baba wa binti alimfuata Mshenga hadi kwenye ndoo, akasubiri wengine waingie ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu nikishusha kreti za soda, hawakuniona.

"Huyo muuguzi wenu," alisema, akishusha ile sauti nzito mpaka ikawa ya kawaida. "Anapatikana siku gani?"

Mshenga alijifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Lakini ndani kuna watu wanasubiri jibu lako. Tumalize kwanza la watoto."

Walirudi ndani, na kabla jua halijashuka tulikuwa tumepewa binti. Jumatatu iliyofuata mke wangu alipofungua mlango wa kliniki aliwakuta wawili hao kwenye benchi, wamekaa bega kwa bega, wamevaa makoti. Aliita anayetangulia apite ndani kupimwa kiuno. Wote wawili waliinuka nusu, wakatazamana, wakakaa tena.

"Tangulia wewe, mkwe," alisema Mshenga.

"Hapana, mkwe," alisema yule wa Kemondo. "Mimi nimekuja kwa niaba ya mtu."